Miongozo ya Bure ya Zana Huria za Programu: Ipi ya Kutegemewa?

Anayetafuta maelezo ya zana huria (programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote) kwenye intaneti hukutana na makala za kale na mpya zilizochanganyika, nyingine hata hazitaji zinahusu toleo gani, ilhali mwongozo rasmi ulioandaliwa na watengenezaji wenyewe hupatikana bure na mara nyingi tayari umo ndani ya kompyuta yake.

Kati ya miongozo niliyoitumia, wa lugha ya programu ya Python ndio ninaoupa nafasi ya kwanza. Umetenganisha somo la anayeanza na rejea ya maktaba sanifu (moduli, yaani mafaili ya msimbo ulio tayari, zinazokuja na lugha yenyewe), kwa hiyo mgeni halazimiki kupambana na fasili ngumu kabla hajaandika mstari wake wa kwanza. Juu ya kila ukurasa pana mahali pa kuchagua toleo, na fanksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina ili kifanye kazi fulani) iliyoongezwa baadaye huandikiwa namba ya toleo ilimoanzia, jambo linalomfaa sana anayetunza programu iliyoandikwa miaka mingi iliyopita. Intaneti ikikatika, amri ya python -m pydoc -b hufungua kwenye kivinjari maelezo ya moduli zilizomo kwenye mashine.

Mwongozo wa PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, ni mzito zaidi, kwani PDF yake inapita kurasa 2,500. Hata hivyo, sijaona penginepo ambapo utenganishaji wa miamala (makundi ya hatua za hifadhidata zinazotekelezwa kama kitu kimoja) inayoendeshwa kwa wakati mmoja umeelezwa kwa uangalifu kama humo.

Git, zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ndiyo inayonipa mashaka. Kurasa zake za rejea ni sahihi, lakini zimesheheni chaguo za amri kiasi kwamba asiyejua anachokitafuta hatakiona. Aanze na kitabu cha Pro Git cha Scott Chacon na Ben Straub, ambacho toleo lake la pili la mwaka 2014 husomwa bure kwenye tovuti ya Git yenyewe, na asiiache sura ya 10 kuhusu utendaji wa ndani, maana ndiyo inayofanya amri nyingine zieleweke.

Kwa lugha ya C, amri ya man, inayofungua kurasa za mwongozo kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), inatosha mahitaji mengi, mradi mtumiaji ataje namba ya sehemu ya mwongozo: man printf huleta amri ya terminali, na man 3 printf ndiyo huleta fanksheni. Kwenye Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, kurasa za fanksheni hizo zimo katika kifurushi cha manpages-dev, ambacho ni vyema kisakinishwe pamoja na kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa.