Gereji ya Land Rover za Zamani Arusha: Injini Safi, Oili Bado Inavuja

Nilipeleka Land Rover Series IIA ya mwaka 1968 katika gereji moja ya Arusha nikiamini kwamba injini na giaboksi ni zile zilizotoka nazo kiwandani. Kabla ya kushika spana, fundi mkuu aliomba aliendeshe, na alipopangua kutoka gia ya tatu hadi ya pili bila kelele yoyote, alicheka. Giaboksi ya IIA ina sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kukwaruza) kwenye gia ya tatu na ya nne tu, kwa hiyo hii, alisema, ni ya Series III, toleo lililofuata, lenye sinkronaiza kwenye gia zote za mbele.

Injini ya petroli ya lita 2.25 nayo ilimtia shaka, kwani namba iliyochongwa kwenye bloku haikulingana na ile ya kadi ya gari. Walipofungua sampo (bakuli la oili chini ya injini) tukahesabu beringi kuu tano za krenkishafti (shafti inayozungushwa na pistoni), ilhali zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1980 zina tatu. Kwangu ilikuwa bahati, maana injini ya beringi tano ni imara zaidi.

Silinda zilichongwa, zikawekwa pistoni kubwa zaidi kwa inchi 0.020, na sasa injini inanguruma kwa utulivu na moshi wa bluu umekwisha. Lakini kazi ilichelewa wiki tatu kwa kusubiri spea, na sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, bado inadondosha oili sakafuni kwangu kila usiku. Wameahidi kuirudia bila malipo.