Studio za bei nafuu Les Menuires: wanne mtabanana

Kwa familia inayobana matumizi, studio (fleti za chumba kimoja) za Les Menuires, kituo cha skii (kuteleza thelujini) Ufaransa, mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, zinafaa. Ila "ya watu wanne" mara nyingi ni mita za mraba 25 hivi: kochi la kukunjua sebuleni, dabo deka kwenye korido, tena bila mlango. Kitanda cha juu si cha mtoto chini ya miaka 6. Bei kwa kawaida haijumuishi mashuka, taulo wala usafi wa kuondoka. Beba vyako, safisha hadi jiko, la sivyo dhamana inakatwa. Viatu vya skii visilale kwenye kabati lisilo na joto: plastiki hukakamaa, asubuhi mguu hauingii. Vyakula nunua Moûtiers, mji ulio bondeni, kabla ya kupanda basi la kwenda Les Menuires. Februari, likizo za shule, bei hupaa, nendeni Januari.