Cheti cha maadili mema kupitia eCitizen: malipo ni ya dakika, vidole bado ni vya wino

Anayetafuta kazi ya ulinzi, ya kufundisha, ya kuendesha teksi za kuitwa kwa simu au kibarua Qatar, lazima ataambiwa alete cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, yaani DCI. Kwa Wakenya wengi wasio na kosa lolote, hiyo ndiyo mara ya pekee polisi kufungua faili kwa jina lao. Ombi linaanzia eCitizen, mtandao wa serikali uliozinduliwa 2014, na cheti kinatolewa humo humo. Ncha hizo mbili zimetengenezwa vizuri. Tatizo liko katikati, pale kompyuta inapomwachia mtu karatasi.

Tuanze na kinachofanya kazi. Unaingia kwa nambari ya kitambulisho na nenosiri, mfumo unakutumia tarakimu za kuthibitisha kwa simu au baruapepe, kisha unachagua DCI na ombi lenye jina Police Clearance Certificate. Majina yako yanatoka kwenye sajili ya watu, kwa hivyo kosa la herufi lililo kwenye kitambulisho litaingia kwenye cheti, na mwajiri atakayekilinganisha na vyeti vya shule atakirudisha. Mwenye kosa kama hilo atengeneze kitambulisho kwanza.

Ada ni shilingi 1,050, yaani 1,000 za cheti na 50 za mtandao. Njia nyepesi ni kusubiri ujumbe wa M-Pesa ujitokeze kwenye simu na kuweka namba ya siri. Usipojitokeza, lipa kwa Paybill 222222, ambayo tangu 2023 ndiyo serikali iliyoagiza itumike kwa malipo ya huduma zake. Sehemu ya akaunti huandikwa namba iliyo kwenye ankara. Wengi huandika namba ya kitambulisho, halafu pesa inakaa mahali isipojulikana ni ya ombi gani. Na ikiwa simu imekatwa pesa lakini ankara bado inasema haijalipwa, usilipe tena. Tunza ujumbe wa M-Pesa, toka kwenye akaunti, ingia upya baada ya muda, kisha uangalie ombi lile lile. Kufungua ombi jipya ni kuzaa ankara mbili na usumbufu wa kudai pesa.

Baada ya malipo, chapisha ankara na fomu C24. Hii C24 ndiyo karatasi ya alama za vidole, na ina masharti: iwe karatasi moja ya A4, imechapishwa mbele na nyuma. Wahudumu wa saiba, yaani maduka ya intaneti, wenye haraka huitoa kwenye karatasi mbili, na ofisa wa vidole huikataa pale pale. Waambie pia wasiipunguze ukubwa, kwa sababu visanduku vikiwa vidogo, alama ya kidole kimoja hupanda juu ya jirani yake. Beba fomu, ankara, kitambulisho halisi na nakala yake, uende Huduma Centre, yaani kituo cha serikali cha huduma za pamoja, au makao makuu ya DCI, Barabara ya Kiambu. Huduma Centre zilianza 2013 na sasa ni zaidi ya 50, kwa hivyo anayekaa Lodwar au Garissa hana sababu ya kupanda basi hadi Nairobi.

Sasa wino. Ofisa hupaka wino kwa rola juu ya kibao, anakushika kidole kimoja kimoja na kukibiringisha kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili, mara moja tu, bila kurudi nyuma. Vidole vyote kumi hupita hivyo. Kisha vidole vinne vya kila mkono hugandamizwa kwa pamoja, na dole gumba peke yake. Wino ukizidi, hujaza nafasi kati ya mistari ya ngozi na alama inatoka doa jeusi. Ukipungua, alama inatoka na mapengo. Mteja naye ana sehemu yake: osha mikono kwa sabuni, ikauke kabisa, usipake mafuta asubuhi hiyo, na ulegeze mkono. Ukijaribu kumsaidia ofisa kwa kusukuma kidole, kinateleza na alama inachafuka. Mafundi wa mjengo wana taabu zaidi kwa sababu saruji hula ngozi. Siku chache bila kushika saruji husaidia mistari kurudi.

Hapa ndipo tunapoinyima huduma hii alama za juu. Mashine ya kuskani vidole hukuambia papo hapo kwamba kidole hiki hakijasomeka, rudia. Karatasi ya wino haisemi kitu. Inasafiri hadi Barabara ya Kiambu, inalinganishwa na kumbukumbu za jinai, na huko ndiko hugundulika kwamba kidole cha shahada cha kulia hakifai. Mwombaji anarudishwa kwenye foleni, siku zimekwisha kupotea, na mwajiri hangoji. Kuweka mashine hizo katika kila Huduma Centre kungeondoa kero hii kuliko kuongeza huduma nyingine elfu moja kwenye mtandao.

Panga kusubiri cheti wiki mbili au zaidi. Aliyewahi kushtakiwa akaachiliwa aweke tayari nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama, kwani jina likionekana kwenye kumbukumbu, ombi husimama hadi jambo lieleweke.

Cheti chenyewe ni kizuri: unakipakua mwenyewe, tena kina msimbo wa QR. Mwajiri akiuskani, karatasi ya kughushi ya River Road, mtaa wa Nairobi, haiwezi kupita. Anayekitazama kwa macho tu amejinyima kinga aliyopewa bure.

Kuna udhaifu mwingine usiohusu vidole. Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliusonga eCitizen kwa maombi ya uongo, na aliyekuwa waziri wa habari na mawasiliano wakati huo, Eliud Owalo, akasema data haikupotea. Hata hivyo huduma zilikwama, kwa sababu zote hupita mlango mmoja. Usiache ombi hadi siku ya mwisho, na cheti kikitoka, kihifadhi nje ya akaunti.

Akaunti yenyewe ilinde. Mara nyingi mhudumu wa saiba ndiye huifungua, akaweka baruapepe aliyoiunda yeye na nenosiri analolijua. Akaunti hiyo hiyo ndiyo ya pasipoti na leseni yako. Ukifika nyumbani badilisha nenosiri, na uhakikishe namba ya simu iliyomo ni yako.

Walio ng'ambo huomba kwenye eCitizen vile vile, wakachukuliwa vidole kwenye C24 katika kituo cha polisi cha huko au kwa msaada wa ubalozi, kisha wakaituma fomu DCI. Anayekwenda Ghuba aulize mapema kama cheti kitahitaji muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje na wa ubalozi wa nchi anayokwenda, kwa sababu mihuri hiyo haipatikani ndani ya ombi hili, na ina ada na foleni zake.