Programu ya mkopo imekuaibisha: Polisi au Kamishna wa Data?

Saa mbili asubuhi bosi wa dada yangu alipokea ujumbe: mwambie alipe deni letu leo. Mchungaji akafuata, kisha fundi wa mabomba ambaye dada alimpigia mara moja tu. Programu ya mkopo ilikuwa imebeba namba zote zilizomo simuni mwake.

Kenya kuna milango miwili. Kwa Kamishna wa Data, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, malalamiko huwasilishwa mtandaoni bila ada, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Kampuni inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, nawe ukalipwa fidia. Kwa gharama na muda, hapa ndipo penye nafuu. Lakini Kamishna hamkamati mtu.

Polisi nao hawatozi, ila nauli na siku za kazi huishia kwenye safari za kituoni; usitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 iliweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa unyanyasaji mtandaoni. Kama anayekutisha ni mtu asiyejulikana, asiye na kampuni, wao ndio wenye uwezo wa kumsaka.

Kampuni ikijulikana na unataka fidia, nenda kwa Kamishna. Ukihofia usalama wako, nenda kituoni leo leo. Kokote uendako, piga picha za skrini kwanza. Dada alifuta kila kitu kwa aibu, ikabidi tumwombe bosi wake nakala.