Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi (Dhow Countries Music Academy, DCMA), Zanzibar: wasikilizeni waliotoka humo

Mimi chuo nakipima kwa watu wanaotoka humo. Hiki kilianzishwa mwaka 2002, na kwa miaka mingi kilikaa Mji Mkongwe, kwenye jengo la zamani la forodha linalotazama bahari.

Ushahidi wangu ni Siti and the Band. Amina Omar, maarufu Siti Amina, anaimba na kupiga udi, ala ya nyuzi yenye umbo kama gitaa la tumbo nene. Rahma Ameir yuko kwenye fidla. Gora Mohammed kwenye ganuni, ala bapa ya nyuzi nyingi. Wote wamepitia DCMA. Mwaka 2018 walitoa albamu ya Fusing the Roots. Jina la bendi linamuenzi Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyerekodi santuri kule Bombay mwaka 1928, na kwa kweli wanalistahili.

Mtazameni Gora akipiga. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji huvaa pete zenye kipande cha kukwanyulia kwenye vidole vya shahada. Ile mitetemo yake kabla ya Amina kuingia, wallahi mwili unasisimka! Na kumwona mwanamke wa Kizanzibari akiongoza bendi, udi mkononi, kwangu ni fahari kuliko tuzo yoyote ya kuweka kabatini.

Mzazi mwenye mtoto anayependa muziki, mpeleke. Aanze na ngoma au fidla. Ganuni inataka subira. Na mgeni ukifika Unguja, ulizia usiku wanaopiga wanafunzi, ukae viti vya mbele.