Darasa la mbio za maili kwa wanaoanza, Nakuru: ubora wake na upungufu wake

Darasa ninalolizungumzia huendeshwa na kocha mmoja pamoja na msaidizi wake katika kiwanja cha nyasi nje kidogo ya jiji la Nakuru, upande wa Lanet. Limewalenga watu wazima ambao hawajawahi kushindana katika riadha lakini wanataka kupunguza muda wao wa maili moja. Kipindi kimoja huchukua wiki nane, mazoezi yakiwa mara nne kwa wiki kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na ada ni shilingi 3,000 zinazotumwa kwa M-Pesa kabla ya siku ya kwanza. Nilijilipia, nikahudhuria hadi mwisho, na kwa maoni yangu pesa hizo hazikupotea, ingawa yapo mambo ambayo anayetaka kujiunga anapaswa kuyajua kabla hajatuma chochote.

Kuchagua maili kuna sababu zake. Mbio hizo hazimo katika Michezo ya Olimpiki, ambako hukimbiwa mita 1,500, lakini heshima yake haijapungua: mwaka 1976, shirikisho la riadha la dunia lilipoacha kutambua rekodi za umbali unaopimwa kwa yadi na maili, maili moja pekee ndiyo iliyosazwa. Kwa anayeanza, umbali huo ni mfupi vya kutosha kumwezesha kujipima kila baada ya wiki chache bila kushinda siku mbili akiuguza miguu, na papo hapo ni mrefu kiasi kwamba hawezi kuumaliza kwa nguvu za miguu peke yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hufanywa na moyo na mapafu. Wakazi wa kaunti hii wana sababu ya ziada, ambayo kocha hachoki kuitaja. Faith Kipyegon, aliyeweka rekodi ya dunia ya wanawake ya maili mjini Monaco mnamo Julai 2023 kwa dakika 4 na sekunde 7.64, ni mtu wa Keringet, kwetu hapa. Mnamo Juni 2025 alikimbia chini ya dakika 4 na sekunde 7 jijini Paris, muda ambao haukutambuliwa kuwa rekodi kwa kuwa jaribio lenyewe halikufuata masharti ya mashindano ya kawaida. Sina hakika kwamba kumtaja bingwa huyo kila asubuhi kunamsaidia mtu anayehema katika mzunguko wa pili, lakini hakuna aliyelalamika.

Siku ya kwanza ni ya kupimwa, na hapo ndipo umakini wa kocha unapoanza kuonekana. Watu wengi hudhani kwamba mizunguko minne ya mita 400 ni maili kamili, ilhali maili ni mita 1,609.34. Kwa hiyo kocha huchora mstari wa kuanzia kwa chokaa, zaidi kidogo ya mita tisa nyuma ya mstari wa kumalizia. Roger Bannister alipokuwa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika nne, mjini Oxford tarehe 6 Mei 1954, kiwanja kilikuwa cha yadi 440 na mizunguko minne ilitosha. Viwanja vya siku hizi vimepimwa kwa mita. Kwa mtu wa mwendo wangu, mita hizo tisa ni kama sekunde tatu, na anayezisahau hujipongeza kwa maendeleo ambayo hayapo.

Nilimaliza kwa dakika 9 na sekunde 48. Msaidizi huandika muda wa kila mzunguko daftarini, na yangu ilisomeka hivi: mita tisa za mwanzo kwa sekunde nne, mzunguko wa kwanza dakika 2 na sekunde 2, wa pili 2:28, wa tatu 2:41, wa nne 2:33. Kocha alipitia ukurasa mzima wa daftari na kutuonyesha kwamba karibu kila mmoja wetu alikuwa na sura hiyo hiyo: kuondoka kwa kishindo, kuporomoka katikati, kisha kujikokota hadi mwisho. Alieleza kwamba mwanzo wa kasi kupita kiasi huilazimisha misuli kuzalisha nguvu kwa njia isiyotegemea oksijeni mapema mno, na kwamba gharama yake hulipwa katika mzunguko wa tatu, wakati mwisho bado uko mbali na ari ya mwanzo imekwisha. Hata Bannister, mzunguko wake wa tatu ndio uliokuwa wa polepole kuliko mingine yote. Tofauti ni kwamba yeye alipungukiwa na sekunde chache tu, nasi tulikuwa karibu tumesimama.

Baada ya hapo nilitarajia wiki za kukimbizwa kwa nguvu. Badala yake, siku mbili kati ya nne kila wiki tulikimbia polepole, tena polepole kiasi cha kuudhi, kwenye njia za vumbi zinazopita kando ya mashamba, kwa dakika 20 mwanzoni na zaidi ya nusu saa kuelekea mwisho wa kipindi. Kipimo kilikuwa mazungumzo: asiyeweza kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi alitakiwa kupunguza mwendo, na akishindwa, atembee. Wanaume wa umri wangu ndio waliotatizwa zaidi na sharti hilo. Kocha, ambaye ni kijana kwetu, alikuwa akituambia kwa upole, "Mzee wangu, punguza, hakuna anayekufukuza," na baada ya hatua hamsini alilazimika kurudia. Mama mmoja mwenye duka la nafaka, ambaye hakuwahi kukiuka sharti hilo hata siku moja, alipunguza muda wake kuliko sisi wote.

Nadhani hili ndilo jambo ambalo darasa linalifundisha vizuri zaidi kuliko mtu anavyoweza kujifundisha. Mkimbiaji anayeanza akiwa peke yake hukimbia kila siku kwa kasi ile ile ya wastani, ambayo ni kubwa mno kwa kujenga pumzi bila kuchoka na ni ndogo mno kwa kuizoesha miguu kasi ya maili. Mwendo wa polepole humwezesha kukimbia muda mrefu zaidi kwa wiki bila kuumia. Moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, mishipa midogo huongezeka katika misuli, na mifupa na kano, ambazo huimarika taratibu kuliko mapafu, hupata nafasi ya kufuatana nayo. Maumivu ya muundi, ambayo yamewarudisha nyumbani wengi wanaoanza kwa pupa, yalijitokeza kwa watu wachache tu katika kundi letu, nao walipumzishwa mara moja bila kubembelezwa waendelee.

Siku ya tatu ya mazoezi kila juma ilikuwa ya kasi. Tulianza kwa kupasha misuli moto kwa dakika kumi na zaidi, tukamalizia matayarisho kwa mikimbio mifupi ya mita 80 hivi ambayo kasi yake hupanda taratibu, kisha tukakimbia mita 200 mara nane, tukitembea kati ya mkimbio mmoja na mwingine. Kuanzia wiki ya nne tuliingia kwenye mita 400, nne kwanza na baadaye sita, kwa kasi ile ambayo kila mmoja alitaka kukimbilia maili yake. Siku ya nne, iliyokuwa Jumamosi, tulipelekwa kwenye mwinuko wa barabara inayopanda kuelekea Menengai, tukapanda mbio kwa muda usiofika dakika moja na kushuka kwa kutembea. Kuhusu siku hiyo ya mlima sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba nauli ya matatu kutoka Lanet hadi huko ni juu ya mwanafunzi na haikutajwa wakati wa kujiandikisha.

Zoezi ambalo lingetosha kuhalalisha ada nzima ni lile la kipenga. Kocha hupanga koni kila baada ya mita 100 kuzunguka kiwanja, kisha hupiga kipenga kwa vipindi sawa vya sekunde, na mkimbiaji hutakiwa kuwa kwenye koni kila kipenga kinapolia. Lengo langu lilikuwa kushuka chini ya dakika 9, ambalo humpa mtu takriban dakika 2 na sekunde 14 kwa mzunguko. Kocha akaniweka katika kundi la sekunde 33, ambazo ni dakika 2 na sekunde 12, ili nibaki na akiba kidogo. Katika mita 100 za kwanza karibu wote tulikuwa tumeipita koni hatua nyingi kabla ya kipenga, na ilitubidi tusimame na kusubiri, jambo la aibu mbele ya wenzako na lenye mafunzo kuliko hotuba yoyote. Baada ya majuma kadhaa mwili ulianza kuijua kasi yenyewe bila saa. Mtu aliyeizoea husikia kwamba mzunguko wa kwanza ni mwepesi mno, na huo wepesi ndio unaotakiwa, kwa kuwa kasi ile ile itamgharimu kila alicho nacho atakapofika mzunguko wa tatu.

Sasa upungufu wake. Wa kwanza ni idadi ya watu. Tulikuwa zaidi ya thelathini, na katika zoezi la kasi makundi yaligawanywa matatu tu, kwa hiyo aliyekuwa mwisho wa kundi lake alipumzika kwa muda mfupi kuliko wote: wenzake walimaliza kabla yake, na mkimbio uliofuata ulianza kwa amri moja. Hilo ni kinyume cha mantiki ya zoezi lenyewe, maana mapumziko ndiyo yanayomwezesha mtu kurudia kasi ile ile, na anayeyahitaji zaidi ndiye aliyenyimwa. Kundi la nne na kipenga cha pili vingemaliza tatizo hilo.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Hakuna aliyeulizwa kuhusu afya yake. Katika kundi lenye watu waliovuka miaka hamsini, wengine wakiwa na uzito mkubwa, siku ya kwanza kabisa tuliambiwa tukimbie maili kwa uwezo wetu wote. Fomu ya ukurasa mmoja ingetosha kuuliza kuhusu shinikizo la damu, kisukari, pumu na maumivu ya kifua, na mwenye jibu la kutia shaka angeelekezwa kumwona daktari kwanza. Sanduku la huduma ya kwanza nililiona likiwa na bendeji na chupa ya dawa ya kuchua, basi. Nililitaja jambo hili kwa kocha, naye akakubali kwamba ni la haki, lakini hadi kipindi kinaisha fomu haikuwa imeonekana.

La tatu ni viatu. Msaidizi wa kocha huuza raba za mitumba, na somo la viatu lilitolewa na yeye mwenyewe, bidhaa zikiwa zimepangwa nyasini. Ushauri wake ulikuwa sahihi kwa sehemu kubwa: soli ya sponji ikibonyezwa na kidole gumba lazima irudi, kisigino kisiwe kimelika upande mmoja, na mbele ya kidole kikubwa ibaki nafasi ya upana wa kidole. Hata hivyo, mwalimu kuwa ndiye muuzaji hakupendezi, na bei zake hazikuwa nafuu kuliko za mitumba ya mjini. Nyasi zenyewe zina mashimo upande mmoja wa kiwanja, na mvua ikinyesha usiku mzunguko wa ndani huwa tope, kwa hiyo tulisukumwa nje zaidi na vipimo vikapotea. Kocha alikuwa mkweli kwamba muda wa siku kama hizo hauandikwi.

Jambo moja zaidi linalostahili kusifiwa ni namna alivyoeleza suala la mwinuko wa Nakuru. Jiji hili liko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa kila pumzi huleta oksijeni pungufu, maili ya hapa huwa ngumu kuliko ya Mombasa hata kwa mtu aliyezaliwa hapa. Majedwali ya muda yanayosambazwa kwenye simu aghalabu hayazingatii hilo. Alitukataza kujilinganisha nayo, akatuagiza tulinganishe daftari na daftari tu.

Katika jaribio la mwisho nilipata dakika 8 na sekunde 52. Mizunguko yangu ilikuwa 2:11, 2:14, 2:15 na 2:09, baada ya sekunde tatu za mita tisa za mwanzo. Sehemu ya nafuu hiyo imetokana na pumzi, na sehemu nyingine, ambayo siwezi kuitenga, imetokana na kugawanya nguvu kwa akili tu.

Ningemshauri ajiunge mtu ambaye tayari anaweza kukimbia taratibu kwa dakika kumi na tano bila kusimama, na ambaye muda wake umegoma kushuka. Asiyefika hapo aanze kwa kuchanganya kutembea na kukimbia kwa mwezi mmoja au miwili, kwa sababu darasa halimsubiri. Anayekaa mbali, tuseme Njoro au Molo, ambaye nauli ya kila asubuhi ingezidi ada yenyewe, anaweza kulifanya zoezi la kipenga bila kocha: apime mita 100 kwa kamba kuzunguka kiwanja cha shule baada ya kuomba ruhusa, aweke jiwe au chupa kila zinapotimia, na aitegeshe simu ilie kila baada ya sekunde zinazolingana na lengo lake. Sekunde 37 kwa kila mita 100 humfikisha karibu na dakika 10, na sekunde 34 humfikisha zaidi kidogo ya dakika 9.