Google Maps kwa mgeni wa Arusha: inakufikisha, ila mji haukukai kichwani

Kwa anayetafuta geti la mtu huko Njiro au Sakina, Google Maps inafaa. Inayemwangusha ni mgeni aliyehamia. Akiitumia ilivyo, miezi inapita na bado hajui soko la Kilombero liko upande gani wa Mnara wa Saa.

Tatizo ni ramani kuzunguka. Ukianza safari, skrini inageuka ili unakoelekea kuwe juu daima. Ukikata kona, mji mzima umegeuka. Ubongo unafanya kinyume. Una seli za mwelekeo wa kichwa, kila moja hurusha ishara kwa wingi kichwa kikielekea upande wake, na kinachozishikilia ni alama inayoonekana, hasa ya mbali isiyohama. Maabarani, panya huwekwa kwenye chombo cha duara chenye kadi moja ukutani: kadi ikihamishwa, kwa kawaida seli nazo huzunguka kuifuata. Taa zikizimwa, panya hutegemea mwendo wake mwenyewe, na makosa madogo hulimbikizana. 

Arusha kadi hiyo ipo, ina mita 4,566: Mlima Meru, kaskazini mwa mji. Basi ingia mipangilio ya uelekezaji, washa chaguo la kaskazini kubaki juu. Ukishika barabara ya Sokoine kutoka Mnara wa Saa kwenda Kilombero, mshale unaelekea kushoto mwa skrini na mlima uko bega la kulia. Ukirudi, kinyume chake. Mwanzoni utachanganyikiwa; vumilia, usiirudishe.

Wingu likifunika mlima, tegemea alama za karibu, na uchague ya pale unapokatia kona, maana hiyo ndiyo ubongo huishika zaidi kuliko ya katikati ya njia. Kipilefti cha Mwenge, sawa. Kibanda cha miamala, hapana: vinafanana mji mzima. Hapa dereva wa bodaboda anaishinda programu kwa mbali. Yeye atasema "ukifika msikitini kata kulia". Sauti ya simu mara nyingi inakuhesabia mita.

Kasoro nyingine ni ule mwanga wa buluu unaoonyesha unakotazama. GPS inajua ulipo, si unakoelekeza uso ukiwa umesimama. Hilo simu hulipata kwa kipima sumaku. Kava yenye sumaku au chuma cha pikipiki hukiharibu. Vua kava, sogea mbali na chuma, izungushe simu hewani kwa umbo la 8. Mwanga ukibaki mpana, usiuamini: tembea hatua 20, uangalie kitone kinasogea wapi.

Bando likiisha, ramani uliyopakua inakupa njia za gari tu, za miguu hazipo, kwa hiyo usishangae ikikuzungusha mahali penye kichochoro.

Mjini Moshi mpangilio ni uleule, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiwa kaskazini, lakini mchana hujificha mara nyingi. Jifunze mji asubuhi mapema.